Furushi la Saba

Ruse, Jumatatu, 12 Mei 2003

Mdogo wangu Nissim,

Nakusalimu wewe, na wifi yangu Nevena, na binti yenu Rashel popote zamu zake za hospitali zilipo wiki hii. Sisi huku ni wazima, Mwenyezi ashukuriwe, isipokuwa Aron, ambaye nyongo imemrudia. Wakati wa Pasaka yetu alikula mayai tisa yale ya kuchemsha na maganda ya vitunguu, tisa kwa mkao mmoja, na mimi mkewe niliyeyahesabu ndiye nikaitwa mchoyo. Mto Danubi umeshuka, ngazi za chini zimeanza kuonekana. Mlozi wa uani ulichanua mapema ukapigwa na baridi, kwa hiyo mwaka huu usingoje lozi kutoka kwangu.

Masikio yako je? Nevena aliniandikia kwamba kile kifaa ulichopewa na daktari umekitia kabatini pamoja na soksi. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipaza sauti hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa, na wewe upande wa pili bado ulikuwa ukisema, "Nani? Nani?" Basi ni barua.

Nina jambo, na nimelizungusha siku kumi kabla ya kushika kalamu.

Unajua kwamba tangu sinagogi letu libaki na watu wa kuhesabika, kule juu walikokuwa wakikaa mama zetu wakati wa sala tumepafanya makumbusho, na mimi ndiye mwenye ufunguo. Wakati wa baridi alikuja msichana wa sanaa za kisasa kutoka huko kwenu Sofia, anaitwa Yoana. Alipita kwa wazee akiomba kila nyumba kitambaa kimoja cha jikoni. Akatengeneza vitabu saba visivyo na hata herufi moja, akakifunga kila kimoja ndani ya kitambaa kama furushi, akavipanga kwenye benchi lile lililo chini ya dirisha. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona ndani hamna kitu?" Akanijibu, "Ndiyo maana yake, shangazi." Sikubishana. Lakini nilivipenda, nikawa ninavipangusa vumbi kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia.

Maonyesho yalikwisha baada ya Pasaka, nikaviteremsha stoo vingoje gari la jumba la sanaa la Sofia. Na wiki hiyohiyo, Nissim, ilikuwa zamu ya kusitiri vitabu vyetu vilivyochakaa. Unakumbuka tulivyokuwa tukimfuata baba na magunia mpaka makaburini, kwa sababu karatasi yenye Jina lake Mwenyezi haitupwi wala haichomwi, inazikwa kama mtu. Mwaka huu yalikuwa magunia mawili, na juu yake furushi moja nililolifunga kwa mkono wangu: kitabu cha sala cha marehemu baba, apumzike Edeni. Kimechakaa mno.

Sasa sikiliza. Kitambaa nilichompa Yoana na kitambaa nilichofungia kitabu cha baba vyote vilitoka kwenye sanduku la mama, pacha, vyenye mistari ya buluu. Mchimba kaburi alikuwa anapiga honi nje, miwani nilikuwa nimeiacha juu. Nikachukua furushi, tukaenda, tukasali, tukafukia. Siku ya pili gari likaja likabeba mafurushi saba, nikatia sahihi. Jioni nikaona kilichobaki sakafuni stoo: karatasi ya namba ambayo Yoana aliibandika kwenye kitambaa changu, imedondoka pale nilipolichukua furushi la kuzika. Namba saba.

Nimezika sanaa ya watu, Nissim. Na kitabu cha baba kiko Sofia, kwenye jumba la sanaa ya kisasa.

Nakuomba uende. Utalijua furushi letu kwa fundo, nimelifunga kwa uzi wa nta kama baba alivyofunga viatu vya wateja. Waeleze, walipe, unitumie. Ila usilifungue. Nimekubeba mgongoni kuvuka theluji kwenda shule, kwa hiyo nina haki ya kukuomba hili moja: lirudi kama lilivyo.

Dada yako,
Mazal


Sofia, 3 Juni 2003

Dada Mazal,

Salamu zako zimefika, na Nevena anakushukuru kwa jemu ya waridi. Anasema mwambie Aron anywe maji ya nywele za mahindi, si ile pombe yake kali ya rakia. Rashel amehamishiwa wodi ya watoto, anarudi nyumbani amechoka lakini anaimba. Mimi ni mzima. Kifaa cha masikioni kinapiga mluzi kama injini ya mvuke na nilisikia injini za kutosha miaka thelathini na moja pale karakana ya reli. Soksi hazilalamiki.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka mpaka Nevena akanipiga mgongo. Umezika karatasi nyeupe kwa sala! Mzee Bitush, msomaji wenu wa sala, alikuwapo? Alisoma kwa sauti? Alitoa machozi? Tafadhali niambie alitoa machozi.

Mara ya pili sikucheka. Ulikuwa unakizika kitabu cha baba, na mimi hukuniambia. Mwaka ule wa msiba nilikuuliza kiko wapi, ukaniambia kipo salama. Sikukuomba kitu kingine katika nyumba ile, si saa, si meza ya kushonea. Niliuliza tu.

Na sasa unaniambia nisikifungue.

Mimi siingii nyumba hizo za sanaa. Makumbusho pekee niliyowahi kuingia ni ya jeshi, na siku hiyo ilikuwa inanyesha. Nitaona.

Nissim


Ruse, 10 Juni 2003

Mdogo wangu,

Tu wazima. Nyongo imetulia, Aron ameanza kubishana tena, ndiyo dalili ya afya. Mzee Bitush hakutoa machozi, alipiga chafya.

Usikasirike. Nilisema usikifungue kwa sababu karatasi zimekauka, zinavunjika zikiguswa. Ni hilo tu. Jalada limeachia. Mtu akikifungua vibaya hakitabaki kitu.

Bado sijamwambia Mzee Bitush wala Yoana. Kila nikipanda ngazi za makumbusho naona lile benchi tupu. Kama kamati itaninyang'anya ufunguo ni haki yao. Lakini hilo halininyimi usingizi kama lile jingine.

Nenda, Nissim. Nenda kabla mtu mwingine hajavuta ule uzi.

Mazal


Sofia, 20 Julai 2003

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na joto, halafu Nevena aliteguka mguu kwenye tramu, yuko vizuri. Rashel anakusalimu. Tumechoma pilipili hoho mapema mwaka huu, uani kote kunanuka moshi.

Nimeenda. Nilivaa koti lile la mazishi kwa sababu sikujua watu huvaa nini huko. Kumbe wanavaa kaptura.

Chumba cha kwanza kilikuwa na mataruma ya reli, yale magogo yanayolala chini ya chuma, yamepangwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Nikayatazama vizuri. Nikamwendea mama mlinzi, anaitwa Ginka, ana kiti chake kidogo mlangoni. Nikamwambia, "Bibi, haya yamekaa vibaya. La nne na la tano yameachana mno. Treni ikipita hapa inaanguka."

Akasema, "Treni haipiti hapa, bwana."

"Ndivyo wanavyosema kabla haijapita."

Alicheka hadi akavua miwani. Akaniambia mwaka mzima watu wanayatazama yale magogo na kutikisa kichwa kama waliotoka kanisani, na mimi ndiye wa kwanza kusema kitu cha maana.

Mafurushi yenu yako chumba cha tatu, kwenye benchi jeupe, nyuma ya kamba. Nililiona letu kabla sijafika. Yale mengine yamefungwa kwa kitanzi kama zawadi. Letu lina fundo la baba. Mkia wa kushoto mfupi, wa kulia umerudi chini. Na lile doa la divai pembeni, la usiku ule wa Pasaka ulipokipiga kikombe kwa kiwiko ukanisingizia mimi. Mimi ndiye niliyefinywa sikio, Mazal. Nadhani uziwi wangu ulianzia hapo.

Vijana wawili walisimama mbele yake. Binti akamwambia mwenzake, nilisoma midomo yao, "Hili la mwisho ndilo linanigusa. Sijui kwa nini. Kama kuna mtu ndani." Yule kijana akasema ni fundo, fundo limefungwa na mtu aliyekuwa na hofu.

Sikusema kitu kwa mtu yeyote. Yoana amesafiri, harudi hadi Septemba, na wakubwa wa ofisi wako likizo. Nikatoka.

Sasa niambie kweli. Karatasi zinavunjika! Tangu utoto hukujua kudanganya, unaongeza sababu ya pili na ya tatu. Umeficha nini kwenye kitabu kile?

Nissim


Ruse, Jumapili, 27 Julai 2003

Mdogo wangu Nissim, na wifi Nevena kama anasoma,

Nakutakieni afya. Mguu wa Nevena ufungwe kwa kabichi, si kwa barafu. Kikombe nilikipiga mimi. Umesubiri karibu miaka hamsini, basi chukua: nilikipiga mimi, na ukafinywa wewe, na nikakuacha ufinywe.

Na hii sasa ni namna ileile, ila kubwa zaidi.

Unajua ule ukurasa wa mbele, ambao baba aliandika majina yetu sote, nani alizaliwa lini na nani alituacha lini, ili asikosee siku za kuwakumbuka. Jina lako liko mstari wa tano. Lilikuwa mstari wa tano. Sijui.

Ulipomwoa Nevena, asiye wa dini yetu, mwaka wa sabini na nne, unajua baba alivyofanya. Alikaa chini sakafuni siku saba bila viatu, kama aliyefiwa na mtoto. Mama alimpelekea chakula bila kumtazama. Wewe hukuona, mimi niliona. Hatukukuambia yote.

Miaka miwili baadaye, ilikuwa Februari, ikaja postikadi yako. Nilijua ni yako kwa ule mwandiko wa kulala. Baba akaisoma amesimama. Akaitia mfukoni, akaingia chumba cha kazi, akakichukua kitabu cha sala na kile kisu chake kidogo cha kukwangulia ngozi. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nakunja nguo. Nikasikia anakwangua. Kwa muda mrefu, Nissim, kama panya ukutani. Nikasema moyoni, anamtoa mdogo wangu kwenye kitabu.

Tangu siku hiyo sijaufungua ukurasa ule. Alipokuwa anakufa aliniambia, "Kitabu ni cha Nissim." Ndiyo. Alisema hivyo. Na mimi nikaona kwamba anataka uje uone alivyokufuta, hata akiwa kaburini akuonyeshe. Sikuweza kukupa kitu kama hicho. Nikakwambia kipo salama. Miaka kumi na mmoja nimekiweka chini ya mashuka nikimwomba Mwenyezi anisamehe kwa kuvunja neno la baba, na sikuwa na ujasiri wa kukitupa, ndipo nikafikiri, kimechakaa, sheria inaruhusu, kizikwe. Hakuna atakayesoma. Nitakuwa nimekulinda na nitakuwa nimekistahi.

Mwenyezi akaniondolea miwani usoni, akakipeleka hadi mlangoni kwako.

Sasa unajua. Fanya unavyoona. Lakini kama ni juu yangu, ningekuambia kichukue, rudi nacho Ruse kikiwa kimefungwa, tukizike pamoja mimi na wewe.

Dada yako asiyejua kudanganya,
Mazal


Ruse, 31 Agosti 2003

Nissim,

Siku thelathini na tano na hakuna barua. Nimemwandikia Nevena, naye amenijibu mstari mmoja, kwamba u mzima na kila Jumapili unatoka asubuhi na koti la mazishi na husemi unakokwenda.

Tumeingia mwezi ule wa kuombana radhi kabla ya Mwaka Mpya wetu, nami nimeanza na walio karibu. Nimemwambia Mzee Bitush kila kitu. Aliweka gazeti chini, akaniuliza, "Mazal, tulimsitiri nani siku ile?" Nikasema, kitabu kitupu. Akasema, "Miaka arobaini nimekuwa nikiogopa siku tutakapoishiwa na kitu cha kuzika." Kisha akanirudishia ufunguo niliokuwa nimeuweka mezani. Na Yoana pia nimemwandikia, ataikuta barua akirejea.

Umebaki wewe. Kama umekifungua na ni kama nilivyoogopa, usinifiche. Njoo unifinye sikio. Lakini usinyamaze.

Mazal


Sofia, Jumapili, 14 Septemba 2003

Dada yangu Mazal,

Natumaini wewe na Aron ni wazima. Nevena anatembea bila fimbo. Rashel yuko hapa pembeni yangu mezani na anasema niandike kwamba anakupenda, kwa hiyo nimeandika.

Nisamehe ukimya. Baada ya barua yako nilikwenda pale kila Jumapili. Ginka alianza kuniwekea kiti. Anadhani mimi ni mpenzi wa sanaa, amewaambia wenzake kwamba kuna mzee wa reli anayekielewa chumba cha tatu kuliko wakosoaji wa magazetini. Nilikuwa nakaa mbele ya furushi lile saa nzima, nikilitazama fundo. Nina umri wa miaka hamsini na mitatu na nilikuwa naogopa kitambaa cha jikoni. Ningeweza kuuliza ofisini tangu wiki ya kwanza. Sikuuliza. Kwa kuwa likiwa limefungwa, Mazal, bado nilikuwa na baba wa namna mbili.

Alhamisi, siku niliyoshindwa kungoja Jumapili, Yoana alirudi. Alikuta barua yako, akaja chumba cha tatu moja kwa moja akanikuta. Akanishika mkono. Mrefu, ana rangi kwenye kucha zote. Akasema kwa sauti kubwa, hakuhitaji kuambiwa juu ya masikio yangu, "Wewe ndiye mwenye kitabu?"

Nikasema, "Mimi ndiye ninayedaiwa kuwa mwenyewe."

Walitupeleka chumba cha ndani, chenye meza na taa. Kijana mmoja akaleta mkasi. Nikamwambia, "Weka hicho. Fundo hili halikatwi." Unavuta mkia wa kushoto, unasukuma wa kulia, linaachia lenyewe. Vidole vilikumbuka. Mimi nilikuwa nimesahau.

Karatasi hazivunjiki, mwongo wewe. Ni ngumu kama ngozi ya soli.

Niko mstari wa tano.

Nimesoma polepole, herufi zetu za Kiebrania sijazigusa tangu nilipokuwa na ndevu za kwanza, Yoana alinisubiri bila kupumua. Imeandikwa: *Nissim.* Na siku niliyozaliwa. Na chini yake, kwa wino mwingine, juu ya karatasi iliyokwanguliwa hadi ikawa na manyoya: *Mkewe Nevena. Binti yao Rashel, ana jina la bibi yake aliye hai, awe na umri mrefu.* Na tarehe ya Rashel, sahihi, hadi saa. Saa nilikuwa nimeiandika kwenye postikadi. Postikadi yenyewe imo, imekaa hapohapo kwenye ukurasa, imegeuka njano.

Tulimpa mtoto jina la mama kwa kuwa ndiyo desturi, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake akiwa hai, ili aione heshima yake. Nevena ndiye aliyesema tufanye hivyo. Yeye, si mimi. Nilituma postikadi, nikasubiri jibu mwaka, nikaacha kusubiri.

Yoana akauinua ukurasa mbele ya taa. Pale palipokwanguliwa bado kuna kivuli. Ni tarehe ya harusi yetu, na mbele yake lile neno tunaloandika kwa waliokufa. Kisu kile ulichokisikia, Mazal, hakikuwa kikinifuta. Kilikuwa kikilifuta hilo.

Alinizika mwaka wa sabini na nne, akanifukua sabini na sita, na hakumwambia mtu. Mzee mkaidi yule. Alishindwa kuandika barua ya mistari miwili, akaweza kukwangua karatasi bila kuchoka.

Nililia mbele ya wafanyakazi wa jumba la sanaa. Kijana wa mkasi naye akalia, sijui kwa nini, labda ndiyo kazi yake.

Yoana hataki kitabu chake kifukuliwe. Nilimwuliza. Akacheka, akasema katika vyote saba hicho ndicho pekee kilichofika kilikokuwa kikienda. Kwenye benchi ameacha nafasi tupu na kibao kidogo: *Cha saba kimepumzika Ruse.* Ginka anasema watu sasa wanasimama hapo kuliko kwingine kote.

Kitabu kiko kwangu, ndani ya kitambaa cha mama. Sijakiweka na soksi.

Sikukasirikii. Nilitaka kukasirika, nikajaribu siku mbili. Ungekuwa umenipa mwaka ule wa msiba, ningekirusha mtoni bila kukifungua. Najijua.

Mdogo wako,
Nissim


Ruse, Jumapili, 21 Septemba 2003

Mdogo wangu, roho yangu, Nissim,

Salamu kwako, na kwa Nevena, na kwa Rashel mwenye jina la mama. Tu wazima, tu wazima, tu wazima.

Barua yako ilifika Ijumaa nikiwa na unga mikononi. Nilimpa Aron anisomee, akafika penye kisu akashindwa, akanipa, nikashindwa, tukamwita jirani, yuleyule aliyeuliza nani amekufa. Akasoma hadi mwisho. Akauliza tena, "Sasa nani amekufa?" Nikamwambia, hakuna. Leo hakuna.

Miaka ishirini na saba nimekuwa nikiusikia mkwaruzo ule usiku nikigeuka kitandani. Ijumaa baada ya kuwasha mishumaa nililala, nikausikia, na kwa mara ya kwanza niliuacha uendelee. Nilikuwa nataka afike mwisho.

Ule ukuta, Nissim! Safu moja tu ya matofali. Ningegonga nikasema, "Baba, unafanya nini?" pengine angeniambia. Sikugonga, kwa kuwa nilidhani najua. Hilo ndilo ninaloliombea radhi mwezi huu kuliko kikombe, kuliko uongo wa karatasi, kuliko hata kuzika sanaa. Kwako, na kwake, na kwa Nevena, ambaye miaka yote hii amenitumia salamu kwenye barua zako na sikumwita kwangu hata mara moja. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe. La, msomee. Msomee polepole.

Jana jioni Sabato ilipotoka nilikwenda makaburini na Mzee Bitush. Aliniomba nimwonyeshe pale. Tukasimama. Akasema, "Kama ni cha msichana yule, basi nacho tumekisalia kwa haki," akaweka kijiwe juu, kama tunavyowawekea wafu wetu. Nami nikaweka kimoja. Mwambie Yoana.

Sasa jambo lenyewe. Wiki ya kwanza ya Novemba ni kumbukumbu ya baba. Unajua tunavyofanya, mayai, zeituni, zabibu, kikombe kidogo cha rakia cha wageni ambacho Aron atadhani ni chake, na mtoto wa kiume anasoma sala ya marehemu. Tangu baba afariki amekuwa akisoma Mzee Bitush, kwa hisani, kwa kuwa wewe ulisimama nje ya lango siku ya mazishi ukarudi na treni ya jioni, na mimi sikukuita.

Njooni wote watatu. Nevena alale chumba cha mbele, chenye jiko. Rashel nitamwonyesha makumbusho, nitampa kiti cha bibi yake kule juu. Leta kitabu, na kitambaa usikifue, doa ni langu.

Nimeshamwambia Mzee Bitush kwamba mwaka huu apumzike, akae tu ale. Akaniuliza basi nani atasoma.

Nikamwambia, mwanawe.

Dada yako anayekungoja stesheni,
Mazal